Maji ya Nyeri Hayafiki Mia

Nyinyi walimu vijana vyeti mnavipata kwa raha mno. Juzi niliingia kwa jirani yangu hapa Gatitu, kijana anayefundisha hisabati, nikamkuta anakamua ng'ombe. Simu ameitundika kwenye msumari wa zizi, na sauti ya mama fulani inatoka humo ikieleza jinsi ya kumfundisha mtoto sehemu. Nikamuuliza ni redio gani hiyo.

"Si redio, madam. Niko training."

Ng'ombe alikuwa anasikiliza vizuri kuliko yeye. Kufikia jioni cheti kilikuwa kimeingia kwenye simu, jina lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu, na akanionyesha bila haya hata kidogo.

Msidhani nasema zamani tulikuwa bora. Nilifundisha fizikia na hisabati miaka mingi, kisha nikafanywa mkufunzi wa walimu wenzangu wa masomo hayo. Likizo ya Aprili na ya Agosti walimu wa Nyeri mjini, Othaya, Karatina hadi Kerugoya walikusanywa katika shule moja ya bweni. Walilala kwenye vitanda vya wanafunzi miguu ikining'inia, halafu asubuhi wakaja kufundishwa na mimi jinsi ya kufundisha. Humo ndani nilifanya kosa moja ambalo karibu limnyime msichana wa watu kazi. Nataka mlisikie kutoka kwangu kabla hamjalisikia kwa walimu wa Othaya, ambao hutia chumvi.

Kwanza mjue mafunzo yenyewe yalivyokuwa. Asubuhi ni sala, halafu zoezi la kuchangamsha mwili, ambapo mwalimu mkuu msaidizi mwenye kitambi anaombwa aigize mti unaopeperushwa na upepo. Halafu tunagawanywa katika makundi, na kila kundi linapewa karatasi kubwa ya manila na kalamu nene. Mwandishi wa kundi siku zote ni mwalimu msichana mwenye mwandiko mzuri, na mtoa hotuba siku zote ni mzee ambaye hakuandika kitu. Saa nne chai ya maziwa, mandazi na yai. Mkitaka kujua mwalimu anayejali wakati, mtazameni saa nne kasorobo.

Siku moja ya hisabati niliwapa makundi vifuniko vya sufuria, nyuzi na rula. Kazi ilikuwa kupima mzingo na kipenyo, kisha kugawanya ili kutafuta pai. Baada ya nusu saa makundi yote manane yaliniletea jibu lile lile, tatu nukta moja nne mbili. Hata kundi lililopewa kifuniko kilichobonyea kwa kukanyagwa lilipata tatu nukta moja nne mbili. Nikawauliza wamepimaje.

"Tumepima vizuri, madam," akasema mwenyekiti wao. "Na pia tunajua jibu."

Walimu wote wakacheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote. Nikawapa hotuba ndefu juu ya kupika majibu. Niliwafundisha mbinu niliyofundishwa na mkuu wangu wa idara wa kwanza, mzee Ndirangu. Yeye alikuwa akikusanya madaftari ya maabara na kuyainua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Tarakimu iliyofutwa huacha alama kwenye karatasi, na mzee aliisoma ile iliyofutwa na kuitia tiki, akaacha ile iliyoandikwa juu yake. Mbinu hiyo ichukueni, bado inafanya kazi kwa daftari, ingawa kwa simu sijui mtainua nini. Niliieleza kwa madoido mengi, na walimu wakanipigia makofi. Hakuna aliyeniinua mimi kwenye dirisha.

Kwa maana na mimi nilikuwa na jambo langu. Kila mafunzo yalifungwa siku ya Ijumaa kwa somo la mfano, na somo hilo lilikuwa langu: kiwango cha kuchemka kwa maji safi. Bika la kioo juu ya moto, kipimajoto mkononi mwangu, walimu themanini kimya. Maji yakianza kutokota nilikuwa nainama, nachungulia, nasema kwa sauti ya kanisani, "Nyuzi mia moja." Wote wanaandika mia. Walikuwa wakiniita Madam Mia, na jina hilo nililipenda sana.

Je, nilikuwa naona mia? Sikuwa naona mia. Nilikuwa naona tisini na nne, siku nyingine tisini na tatu na nusu. Lakini kitabu kimesema mia, na mimi nimesomea. Kwa hiyo niliamua tunaletewa vipimajoto vibovu, na kila mwaka nilivirudisha stoo na kuomba boksi jipya. Kusema mia niliona ni kumsaidia kipimajoto maskini aseme alichoshindwa kusema. Haikunijia kamwe kwamba nafanya kile kile alichofanya mwenyekiti wa kifuniko kilichobonyea.

Sasa niwaambie habari za Muthoni. Alikuja mafunzo ya Agosti kutoka shule moja ya kutwa upande wa Kerugoya, mwembamba, sweta la kijani, daftari amelikumbatia kama mtoto mchanga. Tulikutana kwenye foleni ya chai, akanisalimia kwa heshima, nikamuuliza yuko shule gani na muda gani. Akaniambia yuko kwa mkataba, mwaka wa nne sasa, na bodi ya shule ikiamka vibaya anarudi nyumbani.

"Saa hii kuna nafasi moja ya kudumu," akasema. "Principal ameniambia nikileta report nzuri ya hapa, ataforward jina langu. Nikikosa, iko mwalimu mwingine anangoja."

"Basi fanya kazi vizuri," nikamwambia, mdomo umejaa mandazi. Ndiyo hekima yote niliyompa.

Ripoti yenyewe ilikuwa fomu. Kila mwalimu alifundisha kipindi kimoja mbele ya mkufunzi, kwa wanafunzi halisi tuliowaomba wakatize likizo, na mkufunzi akajaza fomu. Zamu ya Muthoni ikawa Jumanne, na mkufunzi wake nikawa mimi. Mada aliyookota kwenye kikapu ilikuwa kiwango cha kuchemka kwa maji. Nikakaa nyuma kwenye kiti nikiwa nimeridhika, maana mada hiyo ni yangu, nitajua kama ameiharibu.

Akaiharibu papo hapo. Badala ya kushika kipimajoto mwenyewe, aliwapa wasichana wa kidato cha kwanza wajipimie, kila meza na bika lake. Aliwaonya balbu ya kipimajoto isiguse kitako cha bika, wasome wakiwa wamelinganisha jicho na mstari, mambo mazuri hayo na nikayaandika. Halafu akawauliza majibu na kuyaandika ubaoni yote. Tisini na nne. Tisini na nne. Tisini na tatu na nusu. Tisini na nne. Msichana mmoja wa meza ya mbele akasema mia, Muthoni akamwendea, akamwambia kwa upole, "Soma tena, si ya kitabu, ile unaona." Msichana akasoma tena, akaona aibu, akasema tisini na nne.

Mwalimu mwenye akili zake hapo angesema vipimajoto ni vibovu, waandike mia, tuendelee. Yeye akawauliza kwa nini. Aliwauliza watoto! Dakika zikawa zinapita. Mmoja akasema pengine maji ni machafu. Mwingine akasema, "Madam, kwa shangazi yangu Mombasa githeri inaiva haraka kuliko kwetu." Wenzake wakamcheka kwa kuleta mahindi na maharagwe ya jikoni kwenye fizikia, Muthoni hakucheka, akamwambia aseme tena ili wote wasikie. Alipoanza kuandika ubaoni neno Mombasa, kengele ikalia. Somo likaishia hapo, mia haijatajwa.

Nikajaza fomu palepale, maana sikuwa na shaka. Niliandika: Mwalimu hakupata jibu. Hakukagua vifaa. Hakumaliza somo. Na chini kabisa, kwenye visanduku, nikatia tiki kwa mwalimu anayehitaji kusaidiwa. Tukaweka sahihi sote wawili kama ilivyotakiwa. Aliisoma fomu mara mbili, akaniambia, "Asante, madam," akarudisha kofia kwenye kalamu yangu kabla ya kunipa. Kofia hiyo ya kalamu ilinisumbua usiku ule, sijui kwa nini, lakini bado nilijiona niko sawa.

Jumatano nilikwenda stoo ya maabara kumgombeza Gichuki. Gichuki alikuwa fundi wa maabara wa shule ile, mzee wa koti la khaki, mtu wa maneno machache. Nikamwaga vipimajoto mezani nikamuuliza mpaka lini atatuletea takataka.

"Madam, hii boksi nimefungua juzi. Iko na karatasi yake ya kiwanda."

"Basi kiwanda ni kibovu."

"Ile ya mwaka jana pia ulisema mbovu. Na ile ya mbele yake. Hizi ndizo hapa, zote." Akafungua kabati. Boksi mbili zimepangwa safi, kila moja ina kipande cha karatasi kwa mwandiko wangu: mbovu, mbovu. "Mimi huzipima saa ya chai nikichemsha maji yangu. Zote husema tisini na nne. Ukiongeza hii ya mezani, boksi tatu, kampuni tatu. Ati zote zimekubaliana kukudanganya wewe?"

Gichuki akafungua dirisha la stoo. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yamepanda, na Mlima Kenya ulikuwa umesimama pale wote, na theluji yake kidogo iliyobaki.

"Hapa tuko juu, madam. Si ni wewe hufundisha hiyo? Ukitaka mia yako shuka Mombasa."

Jamani, ni mimi nilifundisha hiyo. Muhula ule ule nilikuwa nimewafundisha kidato cha tatu kwamba ukipanda juu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua na maji huchemka mapema. Na mfano wangu wa kila mwaka ulikuwa wapandaji wa milima ya mbali huko Asia, wanaoshindwa kuivisha mchele. Miaka yote nikiueleza huku nimeupa mgongo mlima wetu wenyewe dirishani, na mama zetu wakikesha na githeri jikoni. Yule mtoto mwenye shangazi Mombasa alikuwa amenikaribia mimi na digrii yangu, akanipita. Niliona aibu hadi masikio yakawasha. Halafu nikamkumbuka Muthoni, aibu ikageuka kuwa woga, maana fomu ilikuwa imeshaondoka mikononi mwangu.

Ilikuwa kwa mratibu wa mafunzo, Bwana Mathenge. Alhamisi nilimfuata katika ofisi aliyoazimwa, nikamweleza yote bila kujitetea. Mathenge alikuwa mtu nadhifu, mwenye mihuri minne na kitambaa cha kuifutia.

"Madam Wangechi, fomu imeshapigwa muhuri."

"Nimeandika uongo, Mathenge. Yule msichana alifundisha kuliko mimi."

"Sikatai. Lakini angalia hii fomu." Akaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayetafuta mlango. "Mwalimu amekosea, iko mahali. Mwanafunzi hakuelewa, iko mahali. Vifaa havikutosha, iko mahali. Mkufunzi amekosea, utaandika wapi? Haina mahali."

"Tuchukue fomu nyingine."

"Nikikupa wewe, kesho wote themanini wako kwa mlango. Na tutaambia watu nini, ati wakufunzi wetu hawajui maji?" Akarudisha fomu kwenye bahasha. "Labda mgeni rasmi aseme mwenyewe. Yeye akisema, mimi ni nani?"

Alisema hivyo ili niondoke. Mimi nikaondoka na hayo hayo maneno yake.

Ijumaa mgeni rasmi alifika, afisa wa elimu mwenye suti ya rangi ya majivu na miwani aliyoivaa juu ya kipaji cha uso. Akawekwa kiti cha mbele chenye kitambaa. Nikawasha moto, bika likawekwa, walimu wakafungua madaftari. Nilipopita katikati yao niliona jambo ambalo sijalisahau: wengi walikuwa wameshaandika mia, na maji hayajapata hata joto la kuogea. Nani aliwafundisha hivyo? Mimi hapa.

Maji yakatokota. Badala ya kuinama mwenyewe, nikamgeukia mgeni rasmi.

"Mheshimiwa, leo tunaomba utusomee wewe."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akachungulia. Miwani bado iko kwenye kipaji.

"Mia moja!" akatangaza.

Makofi yakapigwa. Mathenge alipiga kuliko wote. Muthoni alikuwa safu ya tatu kando ya ukuta, na peke yake hakupiga, alikuwa ameangalia mikono yake. Nikangoja makofi yaishe.

"Asante, mheshimiwa. Sayansi husomwa na zaidi ya mtu mmoja. Mwalimu Muthoni, njoo usome."

Nilimwona akinitazama, na nikajua anachofikiria. Siku tatu zilizopita nilimharibia ripoti kwa sababu alisoma anachokiona. Sasa namwita asome tena mbele ya afisa aliyeshasema mia, na jina lake linangoja kupelekwa kwa watu kama huyo huyo afisa. Akisema mia atapigiwa makofi na pengine kazi ataipata. Sikuwa na haki ya kumwomba kitu kile, nawaambia wazi, ila sikuona njia nyingine.

Akaja. Akapiga goti kidogo mpaka jicho likalingana na mstari. Akachukua muda wake.

"Ni tisini na nne, madam."

Bika liliendelea kunguruma. Mathenge akafumba macho. Mgeni rasmi akamtazama Muthoni, akanitazama mimi, akaishusha miwani yake kutoka kwenye kipaji hadi machoni, polepole, akarudi kwenye bika. Akasoma. Akasoma tena.

"Kumbe nilikuwa sijavaa miwani," akasema. "Hii ni tisini na nne. Mbona?"

Hapo Muthoni akamaliza lile somo lililokatizwa na kengele. Alianza na shangazi wa Mombasa na githeri, akapanda hadi kwa hewa nyepesi ya huku kwetu, akawaambia walimu wa Kerugoya kwamba kwao ni chini kidogo, wakipima kesho watapata karibu tisini na tano. Alitumia dakika saba. Nami nikasimama kando yake nikawaambia wote kwamba boksi tatu nimezisingizia, kwamba mia ile ya kila mwaka nilikuwa naitunga, na kwamba mwalimu huyu nimempa ripoti mbaya kwa sababu alisema ukweli. Nilitaka kulia na sikulia.

Kutoka nyuma mwalimu mmoja wa Othaya akanyanyua mkono.

"Sasa, madam, tuandike gani? Ya mgeni rasmi ama ya thermometer?"

Walimu walicheka mpaka mgeni rasmi mwenyewe akashika tumbo. Alipomaliza kucheka akauliza ripoti ya huyu msichana iko wapi na kwa nini isiandikwe upya. Fomu tupu, ambayo jana haikuwezekana kupatikana, ilitoka kwenye mfuko wa koti la Mathenge kabla mgeni hajafunga mdomo. Niliijaza nimesimama, na jina la Muthoni likapelekwa. Barua yake haikuja upesi, barua za serikali mnazijua, lakini ilikuja. Mimi nikapoteza jina la Madam Mia. Waliniita Tisini na Nne hadi nilipostaafu, na wengine bado huniita hivyo sokoni nikinunua viazi.

Mwaka huu Muthoni alinialika. Siku hizi yeye ndiye mkufunzi, bado anakusanya watu ana kwa ana kwa sababu anasema ng'ombe hawezi kuulizwa swali. Nilikaa nyuma kwenye kiti. Hakuna karatasi za manila, kuna ukuta unaomulikwa, lakini chai ya saa nne iko pale pale na mandazi yamekuwa madogo. Mwishoni alikuja na rundo la fomu akanipa moja nione. Ni ile ile ya Mathenge, ila chini kabisa ameongeza mstari mmoja: Mahali mkufunzi alipokosea.

Nikapekua za wakufunzi wenzake. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mmoja ameandika "hakuna" na kupigia mstari chini yake kwa rula.

"Wanaogopa," nikamwambia.

"Wanaogopa, madam. Lakini mstari uko."

Yake mwenyewe ilikuwa chini ya rundo, na mstari haukumtosha, maneno yamepanda ukingoni: amemkatiza mwalimu mgeni kabla hajamaliza kusema, kwa kudhani anajua anachotaka kusema. Niliisoma mara mbili, kama alivyosoma yangu siku ile. Halafu nikamwomba fomu tupu na kalamu. Kwenye jina la mwalimu nikaandika Muthoni. Kwenye mada nikaandika kiwango cha kuchemka kwa maji. Nikashuka moja kwa moja hadi mstari wa chini, nikaandika: Nilijua jibu kabla maji hayajachemka. Nikaweka sahihi, nikamsogezea naye aweke yake, na kalamu, niliyokuwa nimeshaifunika, nikaifungua kofia tena kabla ya kumpa.